Gihosha: Jinsi ya kuchagua chombo cha mawasiliano cha kofia ya pikipiki

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mwendesha pikipiki anayezungumza kwa simu iliyobanwa kati ya sikio na kofia ni jambo la kila siku. Vyombo vya spika na maikrofoni vinavyofungwa ndani ya kofia vinaahidi kuondoa hatari hiyo. Hata hivyo, si kila chombo kinafaa kila kofia, kila barabara na kila mfuko, na hakuna kinachoweza kufanya kazi ya macho na akili ya dereva.

Gihosha ni eneo la makazi lililo kaskazini mashariki mwa jiji la Bujumbura, katika tarafa ya Ntahangwa, pale ambapo tambarare ya Ziwa Tanganyika inaanza kupanda kuelekea milimani. Mwaka 2022, serikali ya Burundi ilipiga marufuku teksi-pikipiki, bajaji na baiskeli katika sehemu za katikati ya jiji, na marufuku hiyo ilianza kutekelezwa mwezi Machi mwaka huo. Kwa motari, kama wanavyoitwa madereva wa teksi-pikipiki nchini humo, simu ni chombo cha kazi: mteja hupiga kuulizia yuko wapi, na mwenzake humpa habari kwamba kituo fulani kimepata mafuta, bidhaa iliyoadimika mara kwa mara nchini Burundi katika miaka ya karibuni. Mwenye pikipiki binafsi naye hutaka kuzungumza na abiria wake, kusikiliza redio au kuelekezwa njia.

Ndiyo maana swali la chombo kipi kinafaa linapaswa kuanza na matumizi, kabla ya jina la kampuni na kabla ya bei.

Chombo chenyewe ni nini?

Intakomu ya kofia ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kisanduku kidogo chenye betri, redio ya masafa mafupi na vitufe, ambacho hufungwa nje ya kofia, kwa kawaida upande wa kushoto. Upande huo una sababu yake: mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele, kwa hiyo mkono wa kushoto ndio unaoweza kuachia usukani kwa sekunde moja. Sehemu ya pili ni spika, moja au mbili, zinazowekwa ndani ya kofia mkabala na masikio. Ya tatu ni maikrofoni.

Kisanduku huunganishwa na simu kwa Bluetooth. Kikipatikana kisanduku cha pili, dereva anaweza kuzungumza na abiria wake au na mwendesha pikipiki mwingine bila kutumia mtandao wa simu na bila gharama ya muda wa maongezi. Mawasiliano hayo hupita katika masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi na vifaa vingine vingi vya nyumbani.

Kofia kwanza, spika baadaye

Mapitio ya kisayansi yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna chombo cha sauti kinachokaribia faida hiyo. Mtu mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu, basi anunue kofia iliyo bora.

Kofia iliyopimwa kwa kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa huwa na kitambulisho, mara nyingi kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, chenye herufi E ndani ya duara. Namba ya idhini ikianza na 05 au 06, inaonyesha ni toleo lipi la kanuni lililotumika. Toleo la 06, lililoanza kutumika Januari 2021, lina umuhimu wa pekee katika suala hili, kwa sababu limeweka utaratibu wa kupima kofia pamoja na vifaa vinavyofungwa juu yake, ikiwemo intakomu.

Ndani ya kofia kuna tabaka la povu gumu linalopondeka wakati wa kugonga ili kupunguza nguvu inayofika kichwani. Tabaka hilo halipaswi kukatwa wala kuchimbwa ili spika ipate nafasi. Kofia nyingi za kisasa zina vishimo vilivyoachwa na kiwanda mkabala na masikio. Mnunuzi anapaswa kupapasa kwa kidole chini ya kitambaa cha ndani na kuhakikisha kwamba vishimo hivyo vipo, kisha apime upana wake. Spika nyingi zina kipenyo cha takriban milimita 40. Kofia isiyo na nafasi hiyo itabana sikio, na baada ya nusu saa maumivu yatamfanya mwenyewe aivue au aifungue mkanda, jambo ambalo ni hatari kuliko kukosa intakomu.

Kuhusu ufungaji wa kisanduku, kuna njia mbili: kibanio kinachoshika ukingo wa kofia, na kibandiko cha gundi. Kibanio huondolewa kwa urahisi lakini hakiingii katika kila ukingo. Kibandiko huhitaji sehemu safi na kavu, na mara nyingi huachwa kikauke kwa muda kabla ya safari. Kwa vyovyote vile, kisanduku kinapaswa kuwa kidogo na kiwe cha kubanduka kikivutwa kwa nguvu, ili katika ajali kisinase na kusokota shingo.

Nani anataka kuzungumza na nani?

Kwa matumizi ya simu, redio na maelekezo ya njia peke yake, chombo rahisi cha Bluetooth kinatosha. Kulipia uwezo wa kuunganisha watu 10 ni kutupa fedha ikiwa mtu husafiri peke yake.

Kwa dereva na abiria, vinahitajika visanduku viwili, na njia ya salama ni kununua jozi ya aina moja. Umbali kati ya vichwa viwili juu ya pikipiki moja haufiki mita moja, kwa hiyo nguvu ya redio si hoja. Hoja ni ubora wa maikrofoni. Zipo pia intakomu za waya kwa watu wawili, ambazo hazihitaji kuunganishwa kwa Bluetooth, ingawa waya hunasa abiria anaposhuka kwa haraka. Motari anayebeba abiria 20 kwa siku hana haja ya jozi: kugongwa begani na kusimama kando bado ni lugha inayoeleweka na kila mtu.

Kwa kundi la pikipiki kadhaa, kuna mifumo miwili. Katika Bluetooth ya kawaida, vyombo hufungamana kama mnyororo: wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu. Wa kati akiachwa nyuma, mnyororo hukatika na wa mwisho hubaki peke yake. Katika mfumo wa wavu, kila chombo hupokea na kupitisha sauti za wengine, hivyo mmoja akitoka, wengine huendelea. Kampuni ya Cardo ya Israel iliingiza mfumo huo sokoni mwaka 2015 kwa chombo chake cha Packtalk, na Sena, iliyoanzia Korea Kusini, ikafuata kwa 30K mwaka 2018. Wavu wa Cardo na wavu wa Sena haikutengenezwa kuzungumza moja kwa moja. Watumiaji wa kampuni hizo mbili hulazimika kurudi kwenye Bluetooth ya kawaida kama daraja. Kwa hiyo anayejiunga na kundi la marafiki aulize kwanza wenzake wanatumia nini.

Baadhi ya watu hufikiria redio za mkononi za upepo badala ya intakomu. Hizo zinaweza kuhitaji kibali, na mamlaka ya kuulizwa nchini Burundi ni wakala wa kudhibiti mawasiliano, ARCT.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi

Kilomita moja, au hata 1.6, ni maneno yanayoonekana kwenye maboksi mengi. Kipimo hicho huchukuliwa mahali pa wazi, vyombo viwili vikionana bila kizuizi. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti vizuri katika ukuta, udongo wala mwili wa binadamu.

Barabara ya taifa namba 1, inayopanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama na kisha Kayanza hadi mpaka wa Rwanda, ni mfano mzuri wa mahali ambapo kipimo hicho hakifai. Ni barabara ya kona nyingi, ukungu, malori mazito na waendesha baiskeli wanaoteremka na mizigo ya ndizi. Pikipiki mbili zikitenganishwa na kona moja ya mlima, mawasiliano yanaweza kukatika hata kama kati yao kuna mita 200 tu. Kwa barabara ya namna hiyo, ni busara kuhesabu umbali wa kuonana kwa macho pekee, na kupanga mapema mahali pa kusubiriana.

Sauti, upepo na masikio

Wengi hudhani kelele kubwa juu ya pikipiki hutoka kwenye injini. Uchunguzi uliofanywa Uingereza katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mwendo ukizidi kilomita 65 kwa saa, upepo unaozunguka kofia huwa na kelele kuliko pikipiki yenyewe. Kelele hizo ni karibu desibeli 90 katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na hukaribia 100 mwendo ukifika kilomita 100 kwa saa.

Taasisi ya Marekani ya Usalama na Afya Kazini, NIOSH, inapendekeza kwamba mtu asikae katika kelele za desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, na desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mwendeshaji anayeongeza sauti ya spika ili ishinde upepo anajiongezea kelele juu ya kelele, na usikivu unaopotea kwa namna hiyo haurudi.

Kwa sababu hiyo, ubora wa spika haupimwi kwa ukubwa wa sauti pekee. Spika iliyo mkabala kabisa na tundu la sikio husikika vizuri kwa sauti ndogo. Ikisogea sentimita mbili tu, mtumiaji huanza kuongeza sauti. Vipande vya sponji vinavyoletwa ndani ya boksi ni vya kuisogeza spika karibu na sikio, bila kuligusa. Kwa safari ndefu za mwendo mkubwa, vizibo vya masikio hupunguza kelele za upepo, na maneno ya spika bado husikika kupitia kwenye vizibo hivyo.

Mjini hali ni tofauti. Mwendo ni mdogo, na sikio linahitajika kwa honi, kengele za baiskeli na breki za lori. Kwa motari, spika moja inatosha kwa maneno ya simu. Burundi, tofauti na Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo magari yanayompita mwendesha pikipiki hutokea kushoto kwake. Spika hiyo moja ikiwekwa kulia, sikio la kushoto hubaki huru upande ambao gari linakuja.

Maikrofoni nazo ni za aina mbili. Ile yenye mkono mwembamba unaopinda hufaa kofia zilizo wazi usoni na zile zenye kidevu kinachofunguka. Ile ndogo ya waya, inayobandikwa ndani ya kidevu, hufaa kofia zinazofunika uso mzima, na ndani ya kofia hizo ndiyo husikika vizuri, kwa kuwa upepo hauifikii. Anayeendesha na kofia iliyo wazi asitarajie miujiza: hata programu nzuri ya kuchuja kelele hushindwa upepo unapopiga maikrofoni moja kwa moja. Sponji ya maikrofoni hunyonya mate na jasho, hivyo ifuliwe au ibadilishwe, hasa pale kofia inapovaliwa na zaidi ya mtu mmoja.

Mvua, vumbi, jua na umeme

Bujumbura ina miezi mirefu ya mvua, na kati ya Juni na Agosti kuna vumbi la kiangazi. Kiwango cha IP kilichoandikwa kwenye boksi kina maana maalumu. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na ya pili inahusu maji. IP67 ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa na kwamba chombo kimestahimili kuzamishwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Neno "haipitishi maji" bila namba yoyote halina uzito. Hata chombo chenye IP67 kinaweza kuingiza maji ikiwa mfuniko wa mpira wa tundu la chaja umekatika au umeachwa wazi.

Betri za lithiamu haziipendi joto. Kofia iliyoachwa juu ya tangi la pikipiki jua la saa nane mchana huipunguzia betri maisha, na kuichaji ikiwa moto ni kosa zaidi. Kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, saa za maongezi zilizoandikwa kwenye boksi ni jambo la kuzingatiwa: vyombo vingi vizuri hutoa kati ya saa 8 na 13 vikiwa vipya, na uwezo huo hupungua kadiri miaka inavyopita. Chombo kinachotumia chaja sawa na ya simu ya mwenyewe kina faida kubwa kuliko kinachohitaji waya wake wa pekee, ambao ukipotea haupatikani dukani.

Vitufe, lugha na redio

Vitufe vinapaswa kujaribiwa mkono ukiwa ndani ya glavu na macho yakiwa yanatazama mbele. Vichache vikubwa ni bora kuliko vingi vidogo. Baadhi ya vyombo hutii amri ya sauti, lakini mnunuzi aulize kwa lugha gani. Kwa maelekezo yanayosikika ndani ya kofia, Kifaransa na Kiingereza ni rahisi kupatikana. Kirundi na Kiswahili havipaswi kuchukuliwa kuwa vimo mpaka mnunuzi avisikie mwenyewe.

Katika nchi ambayo redio bado ina wasikilizaji wengi, kipokezi cha FM ndani ya chombo ni cha thamani, kwani hakitumii bando la intaneti wala betri ya simu. Kihakikishwe kwamba kinapokea masafa ya megahezi 87.5 hadi 108.

Mkono umeachiliwa, akili je?

Hapa ndipo penye suala zito kuliko yote. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, dereva anayetumia simu ana uwezekano wa takriban mara nne zaidi wa kupata ajali, na simu isiyoshikwa kwa mkono si salama sana kuliko ile inayoshikwa. Sababu ni kwamba mazungumzo huchukua sehemu ya akili iliyopaswa kutazama barabara. Mtu anayebishana kuhusu deni kupitia spika ya kofia anaweza kumtazama mtoto anayevuka bila kumwona.

Intakomu, basi, huondoa hatari ya mkono mmoja na ya shingo iliyoinamia simu. Haiondoi hatari ya mawazo yaliyo kwingine. Matumizi yanayokubalika ni maneno mafupi: "niko njiani," "geuka kushoto," "simama mbele." Mengine yasubiri kando ya barabara. Chombo kinachoruhusu kukata au kukataa simu kwa kubonyeza mara moja kinastahili kupendelewa, kwa kuwa simu isiyopokelewa ndiyo iliyo salama zaidi.

Bei, na kilichokwisha kutumika

Vyombo vya daraja la juu vya mfumo wa wavu vimekuwa vikiuzwa Ulaya na Marekani kwa dola 300 hadi 400 kimoja, ilhali vya Bluetooth rahisi kutoka viwanda vya China hupatikana kwa chini ya dola 100. Kwa mnunuzi wa Bujumbura, usafirishaji, ushuru na ugumu wa kupata fedha za kigeni huongezwa juu ya bei hizo. Chombo kilichoharibika baada ya mwezi mmoja, na kisicho na mahali pa kukirudisha, ni ghali hata kama kilinunuliwa kwa bei nafuu. Kwa hiyo dhamana ya muuzaji wa karibu, pamoja na upatikanaji wa spika, waya na vibanio vya akiba, ina thamani kuliko orodha ndefu ya sifa.

Kinachouzwa baada ya kutumika kichunguzwe mbele ya muuzaji. Kiwashwe na kuachwa kikicheza kwa angalau saa moja ili betri ijulikane. Tundu la chaja litazamwe kama lina kutu. Kiunganishwe na simu ya mnunuzi, kisha apigiwe mtu aliye mbali aseme anasikia nini injini ikiwa inanguruma. Kama kilikuwa kimeunganishwa na simu ya mwingine, kifutwe kumbukumbu hapohapo. Na ikiwa kinauzwa pamoja na kofia, kofia hiyo iulizwe historia yake, kwa sababu kofia iliyokwisha kugonga chini hata mara moja inaweza kuwa imepondeka ndani bila alama yoyote nje.

Mwishowe chombo kijaribiwe katika barabara ya mtaa, kwa mwendo mdogo, kabla ya kupanda mlima au kuingia kwenye msongamano. Mwendeshaji akilazimika kuinamisha kichwa, kutafuta kitufe au kuongeza sauti mpaka mwisho ndipo asikie, basi chombo hicho hakijamfaa, hata kama kina sifa gani kwenye boksi.